Pijo 504 na redio mpya: kabla hujaing'oa, pima athi

Redio mpya ikileta matata ndani ya gari la zamani, lawama zote huangukia redio. Mwenye duka huambiwa ameuza feki, aliyeifunga huambiwa hajui kazi, kisha redio hung'olewa na kuletwa nyingine, ambayo nayo baada ya muda huanza yale yale. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa shule ya upili hapa Mombasa, na nimetoka kuinyoosha redio ya Pijo yangu tangu fyuzi hadi spika. Ninachotaka kusema ni hiki: mara nyingi redio haina neno. Kinachoumwa ni athi, ile njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi ya gari. Kwenye gari la umri huu, linalolala karibu na bahari, njia hiyo usiiamini kwa macho. Ipime.

Gari ni Peugeot 504 ya steshen, ya 1989. Nililinunua kwa ami yangu, aliyeliendesha tangu likiwa jipya na kulitunza kama mtu anavyotunza mali ya urithi. Wenye umri mdogo huniuliza kwa nini nasumbuka nalo. Nawaambia 504 ilitoka mwaka 1968, umbo lake limechorwa na Pininfarina wa Italia, na ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya la 1969. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 3. Ulaya saluni na steshen zilikoma 1983, lakini Kenya ziliendelea kuunganishwa hapa hapa Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, hadi 2004. Kwa hiyo langu lilifungwa bolti zake miaka 6 baada ya wenzake wa Ulaya kusimama. Ami yeye hukuanzia kwenye Safari Rally: 1975 Ove Andersson alishinda na 504, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 kupe yenye injini ya V6. Ukimwacha atakupa hadi hali ya matope ya mwaka huo.

Lakini gari hili halikutengenezewa kompyuta. Umeme wake ulikusudiwa taa, honi, waipa, stata na feni. Balbu ya taa ikipungukiwa nusu volti, inafifia kidogo na wewe hata hujui. Redio ya leo ina kichwa chake cha kielektroniki, ina Bluetooth, ina amplifaya nne ndani ya kiboksi kimoja. Hiyo ikipungukiwa volti moja na nusu katikati ya wimbo, inajizima na kujiwasha upya. Balbu na redio ziko kwenye gari moja, zinatumia athi moja, na moja tu kati yao italalamika.

Yangu ililalamika kwa kila namna. Ukizima gari, inasahau saa na stesheni. Ukipandisha sauti, besi ikigonga tu, skrini inakufa na jina la redio linatokea tena kama ndiyo kwanza imewashwa. Injini ikiwaka, kwenye spika kuna mluzi mwembamba unaopanda na kushuka na mguu wangu kwenye mafuta. Nyuma ya mluzi huo kuna tiki-tiki-tiki. Spika za nyuma zinaongea kisha zinanyamaza. Na gari likilala siku chache bila kuendeshwa, betri haina nguvu ya kuzungusha stata.

Nilimwita kijana anayefanya kazi ya nyaya za magari mtaani kwetu Tudor. Mikono yake ni mizuri, na ana subira, jambo ambalo ni nadra. Alipoiona, akasema kile ambacho kila fundi angesema.

"Mwalimu, hii redio imekwisha. Nikuletee nyingine, bei nzuri."

"Mwanangu, kabla hujaitoa niwekee mita hapa nyuma yake. Ikionyesha redio ndiyo mbovu, utaniletea hiyo nyingine."

Akacheka, akachukua multimita. Tukaanza.

Kwanza rangi za nyaya, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotea. Redio nyingi zinazouzwa peke yake madukani hufuata rangi zilezile. Njano ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri. Nyekundu ni umeme wa ufunguo. Nyeusi ni athi. Bluu ni ya antena ya umeme, bluu yenye mstari mweupe huamsha amplifaya ya nje, na ya chungwa hupunguza mwanga wa skrini ukiwasha taa. Spika: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, ile yenye mstari mweusi ndiyo hasi ya kila spika.

Watu hudhani njano ni ya kulinda saa na stesheni tu, kwa hiyo wanaiunga kwenye waya wowote mwembamba wanaoukuta chini ya dashibodi. Ndivyo ilivyokuwa kwangu, tena kwa ubaya zaidi: njano na nyekundu zilisokotwa pamoja na kuungwa kwenye waya mmoja wa swichi ya ufunguo. Hiyo peke yake inaeleza kwa nini redio ilikuwa ikisahau kila kitu. Inaeleza na jambo la pili. Kwenye redio nyingi za leo, njano ndiyo inayobeba mzigo wote wa amplifaya. Nyekundu inabeba umeme mdogo sana, kazi yake ni kusema "amka" na "lala". Ukiipa njano waya mwembamba wa kale unaopita kwenye swichi ya ufunguo, umebebesha swichi hiyo mzigo ambao haikuumbiwa, na siku moja utainusa ikiungua.

Hapa nigusie yale maandishi ya boksini: "50W x 4". Fyuzi nyuma ya redio yangu ni ya ampea 10. Gari likichaji kwa volti 14.4, mara 10 ni wati 144. Wati 200 zinatoka wapi? Hata ukiacha fyuzi, volti 14.4 kwenye spika ya omu 4 kwa wimbi laini haziwezi kukupa zaidi ya wati 26 kwa kila spika, na kwa kweli utapata kama 18 au 20. Ile 50 ni hesabu ya wimbi la mraba, ambalo hakuna anayelisikiliza kwa raha. Nasema haya si kwa sababu ya kuvunja watu moyo. Wati 18 safi ndani ya Pijo zinatosha kabisa kumsikia mwimbaji akivuta pumzi. Nasema kwa sababu nimeona watu wakiweka fyuzi ya 25 ili "wapate nguvu", na fyuzi ndiyo inayolinda nyumba yao isiungue pamoja na gari.

Sasa athi. Kijana aliweka mita kwenye omu, ncha moja kwenye waya mweusi wa redio, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, kwa kutumia waya mrefu. Ikasoma 0.3. Akasema, "Iko sawa, karibu sufuri." Gusanisha ncha za mita yenyewe, nikamwambia, uone. Ikasoma 0.2. Yaani mita hiyo haina uwezo wa kutofautisha athi nzima na athi mbovu, kwa sababu tofauti yenyewe ni ndogo kuliko nyaya zake. Athi haipimwi kwa omu. Hupimwa kwa volti, tena mzigo ukiwa unafanya kazi.

Namna yake ni hii. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye hasi ya betri, kwenye risasi yenyewe ya betri wala si kwenye kibanio chake. Ncha nyingine kwenye bodi ya redio. Washa redio, pandisha sauti. Muziki hurukaruka na mita haiwezi kuufuata, kwa hiyo nilicheza kwenye simu mlio mmoja mzito usiobadilika, wa hezi 60. Nilipata 0.9. Volti nzima karibu moja inapotea kwenye njia ya kurudi peke yake! Redio ilikuwa ikivuta kama ampea 6 wakati huo. Gawanya 0.9 kwa 6, unapata omu 0.15, kitu ambacho multimita ya kawaida haiwezi kukuonyesha, na ambacho kinatosha kuilaza redio. Upande wa chanya, kutoka betri hadi waya wa njano, zilipotea 0.7 nyingine. Betri yenyewe chini ya mzigo ilikuwa 12.2. Toa hizo mbili, redio inabakiwa na 10.6, na kila besi inapogonga inashuka chini ya hapo. Hakuna redio mbovu hapo.

Halafu kijana akanionyesha jambo ambalo nimelipenda kuliko yote ya siku ile. "Mwalimu, tazama." Akachomoa plagi ya antena nyuma ya redio. Sauti ikakatika, taa zikafifia. Akairudisha, redio ikarudi. Maana yake waya mweusi ulikuwa hauna kazi karibu yoyote. Redio ilikuwa inarudishia umeme wake kupitia ganda la nje la waya wa antena, hadi kwenye madigadi, hadi kwenye bodi. Yaani ule waya uliowekwa kukamata mawimbi membamba kabisa ya FM ndio uliokuwa ukibeba uchafu wote wa amplifaya. Halafu tunashangaa redio inakoroma. Jaribio hili halihitaji mita. Mwenye gari lolote la zamani anaweza kulifanya leo.

Tukafuata waya mweusi. Ulikuwa umefungwa kwa skrubu kwenye kipande cha chuma kinachoshikilia redio, na kipande hicho kimekaa juu ya rangi na plastiki. Tukaenda mbele kwenye betri. Waya mnene wa hasi unaoshuka kwenye bodi ulionekana mzima, lakini ukiukunja unasikia unavunjikavunjika ndani. Tulipouchuna ganda, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Hewa ya chumvi hupanda ndani ya waya kidogo kidogo kupitia mwisho wake, na nje unaona mpira mweusi unaong'aa. Mkanda wa kuunganisha injini na bodi nao ulikuwa umebakiwa na nyuzi za kuhesabika.

Kazi yenyewe haina siri, ina bidii tu. Waya mpya wa hasi hadi kwenye bodi. Mkanda mpya wa injini. Kila mahali pa kukutania palipigwa msasa hadi chuma cheupe, pakawekwa washa yenye meno, bolti ikakazwa, na grisi ikapakwa juu baada ya kukaza. Ukipaka grisi kabla, umeweka utando kati ya chuma na chuma. Redio nikaivutia waya wake wa athi wa milimita za mraba 4, moja kwa moja hadi kwenye bolti safi ya bodi, na wa njano wa unene huohuo kutoka kwenye chanya ya betri. Fyuzi ya njano ikae karibu kabisa na betri, isizidi kama urefu wa kiganja, kwa sababu fyuzi iliyo nyuma ya redio inalinda redio. Hailindi mita 3 za waya zinazopita kwenye tundu la chuma. Na tundu hilo liwe na raba. Nyekundu ikaenda kwenye waya wa ufunguo.

Tukapima tena kwa mlio uleule. Athi: 0.04. Chanya: 0.1. Kijana akaitazama mita, akaniangalia, akasema, "Kumbe." Redio haikuzimika tena, wala haikusahau saa.

Mluzi ulipungua sana, lakini haukuisha, na sehemu hii ndiyo ninayoifurahia kuliko zote, kwa sababu kila kelele inakuambia yenyewe ilikotoka ukiwa tayari kuisikiliza. Anza na kitasa cha sauti. Shusha hadi sufuri. Mluzi ukibaki palepale, umeingia baada ya kitasa, yaani kwenye umeme wa redio au nyaya za spika. Ukipungua pamoja na sauti, umeingia kabla, kupitia antena au waya wa AUX, ule wa kuchomeka simu kwenye redio. Kisha badilisha chanzo. Kama mluzi uko kwenye FM pekee, ni antena. Kama uko kwenye AUX wakati simu inachajiwa kutoka soketi ya kiberiti, ukaondoka ukichomoa chaja, basi simu na redio zina athi mbili tofauti zinazovutana. Tumia Bluetooth, ambayo haina waya wa kuvutia kitu, na yamekwisha.

Tena, chaja zile za bei rahisi za kwenye soketi ya kiberiti zina maovu mengine. Ndani yake kuna swichi inayowasha na kuzima umeme mara maelfu mengi kwa sekunde, na isipozibwa vizuri inatapika kelele hadi kwenye masafa ya FM. Kikulacho ki nguoni mwako: nusu ya kelele za FM nilizoitwa kuzisikiliza kwenye magari ya walimu wenzangu ziliondoka kwa kuchomoa chaja. Taa za LED za kubandika nazo zimo kwenye orodha hiyo.

Kwangu mluzi ulikuwa unafuata mzunguko wa injini, kwa hiyo alteneta, ile mashine inayochaji betri, ikashukiwa. Kabla ya kuishusha, weka mita kwenye volti za AC, ipime betri injini ikiwaka na taa zimewashwa. Alteneta nzima itaacha chini ya 0.1 hivi. Ukikuta 0.5, kuna dayodi, kile kilango kinachopitisha umeme upande mmoja tu, imekufa na hakuna chujio la redio litakalokuokoa. Yangu ilisoma 0.06, na kuchaji kulikuwa 14.1. Nikaiacha alteneta kwa heshima zake. Mabaki ya mluzi yaliondoka tulipotenganisha nyaya: za spika zilikuwa zimefungwa kifungu kimoja na waya mnene wa alteneta unaopita chini ya dashibodi. Tukazihamishia upande wa pili.

Tiki-tiki ni mambo ya plagi za injini. Hii 504 inawasha moto kwa pointi na koili, na kila cheche ni redio ndogo inayotangaza kwenye kila masafa. Plagi nilizozikuta hazikuwa na rezista. Ukinunua NGK, tafuta herufi R kwenye namba yake. Ndani yake kuna rezista inayopunguza kelele na injini haipungui nguvu. Waya za plagi nazo zilikuwa za shaba tupu ndani. Nikaweka za kaboni. Kondensa ya ziada ikafungwa kwenye koili, upande wa chanya. Ukiifunga upande wa hasi, unaokwenda kwenye pointi, injini itakugomea. Mwisho, boneti: imekalia bawaba zenye rangi na grisi, kwa hiyo kiumeme inaelea hewani, na badala ya kuzuia kelele za injini inazirusha. Mkanda mfupi wa shaba kutoka boneti hadi bodi, na FM ikatulia. Stesheni za hapa mjini, Radio Rahma, Baraka, Pwani FM, zikaingia kama ziko chumba cha pili.

Kulibaki mlio mmoja, "tap", unaokuja na kuondoka wenyewe, hasa kwenye foleni ya Makupa. Wenye 504 watakuwa wameshacheka. Feni ya rejeta ya gari hili haizunguki wakati wote. Ina klachi ya sumaku, inayolishwa umeme na kipande cha kaboni, na hushika maji yakipata moto. Ni ufundi wa akili sana kwa wakati wake. Koili ya sumaku ikikatiwa umeme hurudisha kishindo cha volti nyingi kwenye nyaya, na redio inakisikia. Nikalehemu dayodi ya 1N4007 kati ya waya wa feni na athi, mstari wake ukitazama waya unaoleta chanya. Ukiigeuza, fyuzi itaruka. "Tap" ikaisha.

Spika za nyuma nizisemee kwa sababu zinaunguza redio nyingi bila watu kujua. Zamani redio ya gari ilituma waya mmoja kwenye spika, na upande wa pili wa spika ukashikwa na bodi. Ilifaa kabisa kwa redio za wakati ule. Redio ya leo haina upande wa athi kwenye spika. Nyaya zote mbili zinakaa kama volti 6 juu ya bodi, na zinasukumana kwa zamu. Ukizigusisha na bodi, umeifunga amplifaya kwa shoti. Ikiwa na bahati itajizima, ikikosa bahati itakufa. Aliyefunga redio yangu aliukuta waya mmoja wa zamani nyuma kushoto, akautumia. Chomoa soketi ya redio kabla ya kupima. Kati ya nyaya mbili za spika unatakiwa kuona omu 3 na pointi kadhaa. Kati ya waya wowote wa spika na bodi, mita isione kitu. Yangu ilisoma 3.8 hadi bodi. Nikavuta nyaya mpya, mbilimbili, hadi buti. Ukiwa hapo, chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye chanya ya spika: karatasi ya spika lazima itoke nje. Ikiingia ndani, umegeuza, na spika mbili zinazovutana kinyume zinafutana besi.

Betri kulala ilikuwa kazi ya dakika chache. Funguo zote zimezimwa, milango imefungwa, mita kwenye ampea kati ya hasi ya betri na waya wake. Gari la zamani lenye redio mpya lisizidi 0.05. Langu lilikuwa 0.4. Nikachomoa fyuzi ya redio, haikubadilika sana. Kumbe chini ya kiti cha nyuma kulikuwa na amplifaya ya zamani iliyosahauliwa, na waya wake wa kuamshwa, ambao ungetakiwa kuwa kwenye bluu yenye mstari mweupe, uliungwa moja kwa moja kwenye umeme wa betri. Haikulala hata usiku mmoja. Kwa 0.4, betri ya ampea-saa 45 inakauka ndani ya siku 5, na stata inashindwa kabla ya hapo.

Binamu yangu, aliyenunua redio kutoka kwenye gari lililoletwa kutoka Japani, alinipigia akisema antena yake imekufa. Antena yake haina neno. Redio za zamani za Japani zinashika kuanzia 76 hadi 90, na stesheni zetu zinaanzia 87.5 hadi 108. Ekspanda ya FM inasaidia: inashusha masafa, kwa mfano kwa 14, na stesheni ya 100.0 unaikuta kwenye 86.0. Ila inashusha na stesheni zote kwa pamoja, zinabanana, na zenye nguvu zinazilalia dhaifu. Nilimshauri aweke pesa hiyo kwenye redio ya masafa ya kwetu.

Ami alikuja kuisikiliza. Alikaa kiti cha abiria, akaniomba taarabu, akauliza redio yake ya vitasa viwili iko wapi. Nikamwonyesha, nimeifunga kwa kitambaa ndani ya kabati, na dashibodi sikuikata popote. Redio mpya imekaa kwenye kisanduku cha mbao chini ya dashibodi, kinachoshikwa na bolti zilizokuwapo tangu mwanzo. Akasema, "Vizuri, mwanangu. Mlango huu unatetemeka." Kweli unatetemeka. Nyuma ya kadi ya mlango kulikuwa na nailoni ya kuzuia maji, ikachanika miaka mingi iliyopita, na sasa mvua inashuka moja kwa moja kwenye spika na bati linaitikia kila besi. Nimeshanunua nailoni nzito na gundi. Wikendi hii tunafungua milango yote minne.